Mashine Iliyoitika Mwito wa Kwanza

Siku Alistidia alipoifuta Nyamaza ilikuwa siku kama siku nyingine. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, mtaa wetu wa Rwamishenye, Bukoba, unanuka udongo na kahawa iliyoanikwa, na mama wa chai alikwisha kupita ofisini na chupa zake. Hakuna bundi aliyelia. Najua wasimuliaji wanapenda kuanza na bundi, lakini mimi nasimulia nilivyoelezwa na Alistidia mwenyewe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, naye anasema siku ile alikuwa na furaha, anaimba wimbo wa kanisani huku vidole vikibofya.

Nieleze kwanza, maana mambo ya kompyuta mwaka ule wa tisini na moja wengi wetu tuliyasikia tu redioni. Kulikuwa na mradi wa boti ya wagonjwa kwenye visiwa vya Muleba. Kila kambi kubwa ya wavuvi ilipewa kisanduku cha redio na betri ya gari. Mgonjwa akizidiwa, mhudumu wa kambi anabofya vitufe, na kompyuta kule ofisini Rwamishenye inaonyesha jina la kisiwa na idadi ya wagonjwa. Kompyuta yenyewe ndiyo inayojibu kisiwani kwamba boti inakuja, na papo hapo inampigia kengele nahodha aliyeko pwani ya Muleba.

Sasa kompyuta haijui Kiswahili wala Kihaya. Inataka amri kwa lugha yake. Aliyeijenga kazi ile, Kagaruki, mtu wa Nyanga, alikataa kutumia lugha za wazungu, akaitungia mashine lugha mpya kabisa yenye amri za Kiswahili: Sikia, Jibu, Hesabu, Peleka. Unaandika Sikia, mashine inapokea mwito. Unaandika Jibu, inajibu. Kagaruki huyo alikuwa mtu wa redio jeshini wakati wa vita vya Kagera, kisha akasomea kompyuta ng'ambo, na kichwa chake kilikuwa moto wa kuotea mbali.

Lakini kuna amri moja aliyoiweka chini kabisa, ndani ya Sikia, ambayo hakuna aliyeiomba wala aliyeihitaji. Aliiita Nyamaza. Kazi yake ni kuizuia mashine isijibu mwito wa kwanza. Kisiwa kikiita, kimya. Kikiita tena, ndipo mashine inajibu. Alistidia, aliyekuwa msaidizi wake, alimuuliza mara moja ya nini hiyo. Kagaruki wakati huo alikuwa amekwisha kukonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Iache, waitu," alimjibu kwa upole wa Kihaya. "Mwenye shida ataita tena."

Alistidia akaona ni kwa ajili ya radi, kwa sababu radi za ziwani huchafua redio, ukadhani mtu anaita kumbe ni mbingu tu. Hakuuliza zaidi. Muda si muda Kagaruki akafariki kwa ukimwi, ugonjwa ambao Bukoba tuliuita Juliana, na kazi yote ikabaki mikononi mwa Alistidia.

Juliana ilikuwa imempitia Alistidia pia. Ilichukua mama, ikachukua baba, ikarudi kwa kaka na dada, ikawalaza wote kwenye kibanja chao cha Nyanga, chini ya migomba, mpaka pa kupitisha jembe pakawa pa kutafuta. Alibaki yeye na kitindamimba, Damian. Alimsomesha kwa taabu mpaka akawa muuguzi, na yeye alipopata kazi mradini ndiye aliyemwombea nafasi kwenye boti ya mradi. Alikuwa amejiapia jambo moja tu duniani: huyu hamziki. Mengine yote Mungu angemwomba angetoa, Damian hapana.

Basi, kilichoiondoa Nyamaza kilikuwa kifo. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu kisiwani, mhudumu akaita, na kabla hajaita mara ya pili betri ikafa. Mashine ikawa imesikia na kunyamaza, kama ilivyofundishwa. Boti haikwenda. Mama na mtoto walikufa pamoja.

Mzee Uledi, mkuu wa ofisi, hakuwa mtu wa hasira. Ni mwenyeji wa mjini Bukoba, babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, na watu wa nyumba ile huongea taratibu. Siku ile alisimama nyuma ya kiti cha Alistidia akauliza kwa upole ni kwa nini mashine isikie mtu analia halafu ikae kimya. Alistidia akaahidi kuitoa.

Na kuitoa hakukuwa kama kufuta neno ubaoni. Nyamaza ilikuwa imejisokota ndani ya lugha yenyewe, ukivuta hapa inakatika kule. Kila alipoiondoa mashine iligoma kuwaka, mpaka akalazimika kuijenga Sikia upya tangu chini, kisha programu zote zilizoitumia zikapikwa upya moja baada ya nyingine. Ilipokubali, akaijaribu. Mwito mmoja, jibu moja, papo hapo. Alipiga makofi peke yake. Aliongeza na chake kidogo, kitu alichoona ni cha utu: mgonjwa ajue ni nani anayekuja. Kuanzia siku ile mashine ilijibu kwa jina la muuguzi wa zamu. Na muuguzi alikuwa mmoja tu.

Nimesikia. Anakuja Damian.

Wiki za kwanza zilikuwa za sifa tupu. Wagonjwa walifikishwa hospitali mapema, Mzee Uledi akawa anamwita Alistidia mwanangu, na Damian akipiga redio ya sauti kutoka botini anamtania dada yake kwamba siku hizi visiwani hata watoto wanalijua jina lake kabla hajashuka.

Halafu likaja la Nyaburo. Ilikuwa saa za chakula cha mchana, jua linawaka, Alistidia anamenya ndizi mbivu mezani. Skrini ikaandika: Nyaburo, mgonjwa mmoja. Mashine ikajibu wakati huo huo kwamba Damian anakuja, kengele ikalia kwa nahodha, na boti ikang'oa nanga. Alistidia akala ndizi yake. Alikuwa ameimaliza ndipo akakumbuka kwamba Nyaburo hakuna mtu.

Kambi ile ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliopita. Wavuvi wake walikuwa watu wa kuja, kutoka Mwanza, kutoka Ukerewe, wengine hata kwao hawakukutaja, na Juliana iliwapukutisha kama majani. Waliokufa walifukiwa pale pale mchangani, hakuna ndugu, hakuna kilio. Waliobaki walihama. Mhudumu wao, Limi, alikuwa wa mwisho kufa, na kisanduku chake kilirudishwa stoo.

Boti iliporudi, Damian alisema kwenye redio kwamba hawakukuta mtu. Vibanda vitupu, milango wazi. Alicheka, akasema mashine ya dada imeanza kuota mchana. Lakini Shilogile, nahodha, Msukuma mtu mzima aliyezaliwa na kukulia juu ya maji, hakucheka. Aliomba apewe redio. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wakati wa kwenda boti ilikuwa nyepesi. Wakati wa kurudi ilizama mpaka karibu na ukingo, injini inahema. Walipogusa pwani ya Muleba, ikainuka yenyewe.

Alistidia akamwambia labda ilikuwa mikondo. Shilogile akasema, "Sawa, dada."

Mwito wa pili wa Nyaburo ulikuja siku za mvua, alasiri. Wagonjwa watatu. Mashine ikajibu, Damian akaenda tena, kwa maana kazi ni kazi, na nani anajua kama kuna wavuvi wamerudi kimya kimya? Alistidia hakungoja. Alichukua ufunguo, akaenda stoo. Kisanduku cha Nyaburo kilikuwa palepale kwenye rafu, hakina betri, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Akakishika.

Kilikuwa kimelowa. Maji yalimchuruzika viganjani, ya baridi, yana harufu ya dagaa. Paa la stoo halivuji. Visanduku vya kulia na kushoto vilikuwa vikavu, vina vumbi. Akakirudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto, akatoka bila kufunga mlango.

Boti ilirudi salama. Nzito, alisema Shilogile. Nzito kuliko mara ile.

Kulipokucha, Alistidia akaenda Nyanga kwa Eufrazia, mjane wa Kagaruki. Njiani alijipa moyo kwamba ni mtu anayewachezea. Pengine marehemu aliacha kisanduku kingine, na mhuni amekipata. Ndiyo aliyokwenda kuuliza. Alimkuta Eufrazia ameketi mlangoni anachambua maharage. Wakasalimiana kwa Kihaya, akapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, na katika kueleza shida yake akaitaja Nyamaza, kwamba aliiondoa kwa sababu ilichelewesha watu.

Mikono ya Eufrazia ikasimama ndani ya ungo.

"Umeitoa?" alinong'ona.

Ndipo akamsimulia. Wakati wa vita, karibu na mto, Kagaruki na mwenzake walikuwa zamu kwenye redio. Ikaja sauti ya kikosi kimoja, ikaita jina la yule mwenzake. Mara moja tu. Kikosi kile kilikuwa kimekwisha kuuawa chote, wao wenyewe walipokea taarifa. Lakini yule kijana hakuwa wa kwetu, hakufundishwa. Akaitika. Akasema nimesikia, nakuja. Akaweka chini vifaa vya masikioni, akatoka, akatembea kuelekea mtoni kama mtu anayekwenda dukani. Kagaruki alimshika shati, likabaki mkononi.

Alistidia alikuwa anatafuna kahawa. Ikamwia chungu. Kwa sababu yeye alifundishwa. Sisi sote tumefundishwa, ndugu yangu, toka tukiwa wadogo hatujui kufunga kifungo: ukisikia jina lako linaitwa kutoka kibanjani, usiitike. Ngoja. Mtu aliye hai ataita tena. Asiye hai huita mara moja. Bibi yake alimpiga kibao cha mdomo kwa kosa hilo, na yeye alimpiga Damian. Mpaka leo nyumbani kwake ukibisha hodi mara moja utasimama mlangoni uote mizizi. Jambo hilo alilijua kama anavyojua kumeza mate. Ila hakulitambua alipoliona ndani ya mashine, kwa sababu ya kusoma kwake alidhani mashine ina sababu za mashine.

"Mume wangu alisema mashine nayo inakaa mlangoni," Eufrazia alisema. "Lazima ifundishwe adabu ya mlangoni." Akamtazama. "Imeitika kwa jina la nani?"

Alistidia alikuwa amekwisha kusimama.

Alikimbia. Mwanamke mzima, kitenge kimeshikwa mkononi, anateleza kwenye matope, watu wanamuuliza kuna msiba wapi, anawapita tu. Alikuwa anawaza kitu kimoja. Ni mimi niliyewapa jina lake. Hawakulijua. Niliwapa mimi.

Ofisini Mzee Uledi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, tasbihi mkononi, uso umempauka. Alinyoosha kidole tu.

Nyaburo. Wagonjwa: wote.

Alistidia akasoma, akarudia kusoma. Nafasi ile haipokei herufi. Aliijenga mwenyewe. Inapokea tarakimu tu, ukibofya kitu kingine inakataa. Na chini yake jibu lilikuwa limekwisha kwenda. Nimesikia. Anakuja Damian. Mzee Uledi akamwambia kwamba boti iliondoka muda mrefu.

Akairukia redio ya sauti. Akabonyeza. Redio ina utaratibu wake, kwanza unamtaja unayemwita, kisha unasema lako.

"Damian!"

Umeme ukakatika.

Taa ikafa. Skrini ikafa. Redio ikafa mkononi mwake. Betri ya akiba ilikuwa imepelekwa mjini kuchajiwa. Mzee Uledi alikimbilia jenereta, akavuta kamba, ikakohoa, akavuta, ikakohoa. Alistidia alibaki anaita kwenye chombo kisichosikia. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Umeme uliporudi, redio ilitoa mlio wa maji tu. Maji yanapiga mbao, taratibu.

Shilogile alikuja Rwamishenye kesho yake, peke yake, nguo zile zile. Hakutaka kuketi. Alieleza akiwa amesimama, anaitazama sakafu.

Alisema walipokaribia Nyaburo ukungu uliteremka, mchana ule ule, mweupe, usiopitisha jua. Wakaona watu ufukweni. Wengi. Wamejipanga, wamevaa vizuri, wengine na mabegi, kama watu wanaosubiri gari la kwao. Hawakuita. Hawakupunga mkono. Shilogile akawatambua baadhi, akageuza injini, injini ikazima. Akamwambia Damian wasishuke. Damian akasema wale ni wagonjwa, ameitwa, na ameshasema anakuja.

"Nilimwambia hukusema wewe, ni mashine," Shilogile alisema. "Akaniangalia kama hanielewi. Akatia mguu mmoja majini."

Ndipo redio ya botini iliposema. Damian! Sauti ya dada yake, wazi kabisa, kama yuko ndani ya boti. Damian akashtuka. Akageuka. Uso wake ukarudi, alisema Shilogile, ukawa uso wa mtu tena, na Shilogile akamwambia itikia, dada yako huyo, itikia tuondoke.

"Akaweka kidole mdomoni. Akasema, imeita mara moja."

Shilogile akajifuta uso kwa kiganja.

"Akasubiri, dada. Mguu mmoja ndani ya boti, mwingine majini. Alikuwa anataka uite. Nilimwona, alikuwa anataka sana. Alisubiri mpaka wale watu wakaanza kusogea, wakamzunguka, nisimwone tena."

Alistidia hakulia pale. Alikaa kwenye kiti, akairudisha Nyamaza mahali pake, amri kwa amri, na mashine iliikubali mara ya kwanza kama iliyokuwa inaingoja. Alipomaliza ndipo akaanguka. Wanawake wa ofisi za jirani walimbeba mpaka nyumbani, na kwa siku nyingi mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Alikuwa anasema neno moja tu. Ningalitamka mara mbili. Ningalianza na jina, halafu jina tena. Ukimtazama unatamani ardhi ipasuke uingie wewe.

Damian hakupatikana. Wavuvi walizunguka kisiwa, wakapiga mbizi, hawakuona hata kiatu. Shilogile alimnong'oneza Mzee Uledi jambo moja tu kabla ya kuacha kazi, kwamba siku ile alirudi peke yake lakini boti ilikuwa imejaa mpaka maji yanaingia.

Wazee wa ukoo wakakaa. Mtu aliyepotelea majini hawezi kuachwa hivi hivi, lazima apewe mahali kwao, la sivyo atazunguka. Kashaija, mkubwa wa ukoo, akakata kipande cha mgomba kwa urefu wa kijana. Wakakiviringisha lubugo, ile nguo ya magome tunayoijua wote, wakakifunga vizuri kichwani, tumboni na miguuni. Wakachimba kaburi kibanjani pembeni ya kaka yake. Padri akaja, tukaimba, tukafukia. Alistidia alitupa udongo wake akasema, samahani, mdogo wangu. Kaburi likapigiliwa nyasi mbichi, na mvua za mwezi ule zikazikuza. Zilishika vizuri mpaka huwezi kutenganisha kaburi na uwanja.

Mwezi wa pili tangu mazishi ulikuwa unaisha. Asubuhi moja kweupe, watu wanakwenda shambani, nilisikia Alistidia ananiita. Aliita, nikangoja. Akaita tena, nikatoka.

Alikuwa amesimama mlangoni kwake, hawezi kuvuka kizingiti. Kilicholazwa pale chini, kwa adabu, sambamba na mlango, kilikuwa kile kipande cha mgomba. Lubugo ile ile, kamba zile zile tatu, mafundo ya Kashaija hayajafunguliwa. Kilikuwa kinachuruzika maji. Mchanga mweupe wa ziwani ulikuwa umeganda kwenye mikunjo.

Tulikwenda Nyanga, mimi, yeye na Kashaija. Tukaingia kibanjani. Kaburi lilikuwa kama tulivyoliacha. Nyasi zimeshikana, hakuna ufa, hakuna jembe lililogusa. Kashaija akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo. Halafu akasimama, akajifuta mkono kwenye koti.

"Humu ndani mna mtu," alisema.

Alistidia alisema tusichimbue. Hatukuchimbua.